Idi Kutoka Ulaya

Kishiwa si mtu wa kushangaa ovyo. Anayeishi Mikumi kando ya barabara kuu, tembo wakivuka lami mbele ya malori na nyani wakikwapua maandazi mezani, atashangaa nini tena? Ndugu zake wakija kutoka Usukumani hupiga kelele kwa sababu wameona twiga kwenye dirisha la basi, na yeye anawaangalia tu, anapiga miayo. Lakini masika ya mwaka huu Kishiwa alishangaa. Alishangaa mpaka akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, na mchuzi ukaungua huku anautazama.

Chanzo kilikuwa simu. Lakini kabla ya simu, ujue kwamba Kishiwa ana hoteli. Usianze kufikiria vitanda na mashuka. Nasema hoteli kama watu wa barabarani wanavyosema: bati juu, mabenchi, jiko la kuni uani, wali, ugali, na mchuzi wa mbuzi ambao madereva wa malori huanza kuutamani wakiwa bado Chalinze. Mchuzi huo haukuwa wa Kishiwa. Ulikuwa wa Mwamvua, mpishi wake, mwanamke wa Kisagara asiye na makuu, aliyepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta na kila mwisho wa juma akienda kwao Ulaya kumwona mume na mtoto. Ulaya ya hapahapa, jamani, kijiji cha njiani kwenda Kilosa. Ile ya kupanda ndege haituhusu.

Kishiwa alimpenda Mwamvua, na kumpenda huko hakukumzuia kuwa na sheria yake. Aliitangaza siku mtu anapoanza kazi, kidole juu: "Hapa kwangu hujafika, hujalipwa. Uwe umefiwa, uwe unaumwa, uwe umenyeshewa, mimi sijui." Wala usidhani alikuwa anatania. Kabla ya Mwamvua palikuwa na Magdalena, aliyelazwa kwa nimonia, na siku aliporudi akakuta aproni yake imevaliwa na mtu mwingine. Hakugombana. Aliokota kandambili zake chini ya meza akaenda zake.

Madereva walikuwa wanamchokoza kwa hilo. Filipo, dereva wa Mbeya ambaye akila hapo huwa hana haraka, alimwambia mara nyingi, "Mama Kishiwa, sheria ya kazi ipo. Mtu akiumwa, mwajiri anatakiwa amlipe mpaka apone. Mimi nilipovunjika mguu tajiri wangu alilipa, na hakunipenda hata kidogo."

"Hiyo ni ya makampuni yenye milango ya vioo," Kishiwa alimjibu. "Mimi nikiumwa ananilipa nani? Nyani?"

Watu wakacheka, na Filipo naye akacheka. Lakini Kishiwa hakucheka, maana sheria yake hiyo aliijua kwa kufanyiwa. Alipofika Kilosa na marehemu mumewe, wakiwa hawana hata ndama, alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Kimamba. Homa ikamlaza. Alipopata nafuu akarudi kazini, na kwenye mstari wake akamkuta mwanamke mwingine ameinama anakata. Msimamizi hakumtukana, wala hakumfukuza. Alimpita tu kama vile anapita mti. Kishiwa akageuka akarudi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba dunia ndivyo ilivyo, na mtu aliyekwisha kupata jiko lake mwenyewe angekuwa bwege kuibadilisha.

Basi. Jumatatu moja Mwamvua hakutokea. Malori yamejipanga, mvua inanyesha, kuni mbichi, na mpishi hayupo. Kishiwa alipandwa na hasira hizo, akampigia simu Jackline, binti wa kaka yake, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani. "Njoo haraka. Kuna nafasi." Jackline akaja, akafunga aproni, na kwa ile sheria tunayoijua kazi ya Mwamvua ilikuwa imebaki kwenye uzi.

Mchana simu ikalia. Ni Mwamvua, sauti inatoka mbali, neti inakatakata kwa mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba! Uko wapi wewe?"

"Hospitali Kilosa, mama. Nimepasuliwa. Kidole tumbo."

Hasira za Kishiwa zikapungua, hazikuisha. "Pole sana, mwanangu. Pole. Sasa na kazi?"

"Nimepewa ED, mama. Kesho inafika kwako."

Simu ikakata.

Sasa hapa ndipo penyewe. Wewe uliyewahi kufanya kazi ya ofisini unajua ED ni nini: ni ile karatasi anayoandika daktari kumwambia mkubwa wako kwamba mgonjwa huyu apumzike mpaka tarehe fulani. Herufi mbili tu za Kiingereza, na watu wanazitamka i-di. Kishiwa hakuwahi kufanya kazi ya ofisini, na kule kwenye mkonge hakuna aliyempa karatasi. Akina Idi anaowajua yeye ni watu: kuna Idi fundi baiskeli, kuna Idi muuza samaki. Na kwa jinsi neti ilivyokuwa inatafuna maneno, ile "inafika" ilimfikia ikiwa "anafika." Nimepewa Idi, mama. Kesho anafika kwako.

Hapo ndipo Kishiwa alipoketi kwenye ndoo.

"Mayo wane!" alimwita mama yake kwa Kisukuma. "Jackline, umesikia? Hospitali wamempa mtu!"

"Mtu gani, shangazi?"

"Wa kumshikia kazi! Anaumwa, serikali inamletea mtu anafanya kazi badala yake mpaka apone! Anaitwa Idi!"

Jackline alitaka kumsahihisha. Alijua ED ni nini, shuleni walimu walikuwa wanazileta kila mvua zikianza. Lakini alimtazama shangazi yake, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona akishangaa hata siku moja, amekaa kwenye ndoo, macho yamemtoka, uso umelainika mpaka unafanana na wa msichana. Jackline akakosa moyo wa kumkatisha. Akageuka kuokoa mchuzi, akakuta umekwisha kuungua.

Siku nzima Kishiwa hakuweza kufanya kitu. Alibeba sahani akasahau anampelekea nani. Alisimama mlangoni akaitazama mvua. Kumbe nchi imefika huku! Kumbe kule Kilosa kuna mtu mkubwa amekaa kwenye kiti, akifikiria: huyu mpishi wa Mikumi amelazwa, nani atamsongea Kishiwa ugali? Alijaribu kuwaza ni wangapi hao watu, wanaishi wapi, nani anawaamsha asubuhi, akahisi kizunguzungu. Nchi nzima wagonjwa wamelala, na nchi nzima akina Idi wanaingia milangoni.

Kesho yake mapema mwanaume akashuka kwenye bodaboda. Mrefu, kanzu fupi imelowa, buti za shambani, mkononi karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Akabisha hodi jikoni.

"Shikamoo mama. Natoka hospitali Kilosa, nimeleta E..."

"Wewe ndiye Idi!" Kishiwa akadakia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akampokea mfanyakazi kwa mikono miwili. "Karibu baba, karibu! Mimi jana nilishamweka huyu binti kwenye nafasi ya Mwamvua, nikajua ndiyo basi tena. Lakini kama wamekuleta wewe, nafasi ni ya Mwamvua mwenyewe. Jackline, vua aproni!"

Yule mwanaume alimtazama Kishiwa. Akamtazama Jackline, vidole vyake viko kwenye fundo la aproni. Kisha akaurudisha ule mfuko wa nailoni kifuani.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndiye mimi."

"Na unatoka wapi kwenu?"

"Ulaya, mama."

Haya, na Kishiwa si alijua Ulaya ipo hapo juu? Alijua. Lakini akiwahadithia madereva alipapita haraka hapo. "Serikali imeniletea mtu kutoka Ulaya," alisema, akaendelea kupakua wali. Utingo wa Filipo akaacha kijiko hewani. "Ulaya? Kuja kuosha sufuria?" Filipo, aliyekuwa ameshamwuliza Jackline pembeni na kuambiwa yote, akamkanyaga mguu chini ya meza.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila aliyekula pale alijua, isipokuwa mwenye hoteli. Wangemwambia, lakini walipenda kumsikiliza.

Idi mwenyewe, tuseme ukweli, kupika hakujua. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na madonge ya kumvunja mtu jino. Kishiwa akausamehe: "Wamemtuma mbiombio, hawakupata muda wa kumfundisha." Lakini kazi nyingine, we! Kuni alizipasua mpaka ukuta wa jikoni ukazibwa. Sufuria zilizokuwa nyeusi tangu zinunuliwe zikaonyesha rangi yake. Alifika kabla ya wote, akaondoka wa mwisho, na kila adhuhuri baada ya swala alikwenda nyuma ya tangi la maji akapiga simu, na Kishiwa akamsikia anaongea kwa upole: "Kidonda vipi? Umekula? Huku kuko salama, wewe lala."

"Mpaka hali ya mgonjwa wanaulizia," Kishiwa alimwambia Jackline, mkono kifuani. "Hawa watu wamefunzwa wakafunzika."

Mshahara wa Mwamvua aliutuma kwenye simu siku yake kama kawaida. Hakusita hata kidogo. Mtu wake yupo kazini, kwa nini asimlipe? Huyu Idi, alijisemea, analipwa na waliomtuma. Yeye anampa chakula tu. Na jambo la ajabu, moyo wake ulikuwa mwepesi. Aliwahi kusikia watu wakisema serikali hiki, serikali kile, akapita. Sasa kila asubuhi akisikia kuni zinapasuliwa uani, alihisi kama mtoto aliyeamka akakuta mtu mzima ameshawasha moto.

Halafu Idi akaumwa.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umelala mpaka barabarani, malori yamewasha taa. Kishiwa aliingia jikoni akamkuta amesimama juu ya sufuria, ameshika mwiko kwa mikono miwili, na mwiko unagongagonga ukingo wenyewe.

"Idi, wewe unaumwa."

"Hapana mama. Moshi tu."

"Tangu lini moshi ukamtetemesha mtu meno?" Akamshika paji la uso, akauondoa mkono haraka. "Baba, una malaria wewe! Haya, kaa chini. Piga simu huko kwenu walete Idi mwingine."

Yule mwanaume hakukaa. Aliendelea kuushika mwiko.

"Hakuna mwingine, mama."

"Hakuna vipi? Serikali nzima?"

"Mama, mimi siitwi Idi." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Naitwa Yassin. Mimi ndiye baba Yusrah."

Baba Yusrah. Kishiwa alilijua jina hilo. Kwa miaka yote Mwamvua hakumtaja mumewe kwa jina lingine: baba Yusrah kavuna, baba Yusrah kasema. Yassin akatoa ule mfuko wa nailoni kifuani. Ndani yake ile karatasi imekunjwa, imelegea kwa jasho. "ED ni hii. Wala si mtu. Siku ile nilikuja kuileta, nikakuta nafasi ya mke wangu imeshachukuliwa. Ukaniita Idi. Nikaitika."

Mlangoni Jackline alikuwa amejiziba mdomo.

"Wewe ulijua?" Kishiwa akamgeukia.

"Shangazi, kila mtu anajua."

Ah, hapo Kishiwa aliwaka! Aliwaita majina yote anayoyajua ya Kiswahili, yakamwishia, akahamia Kisukuma. Wamemfanya zuzu! Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anawahadithia watu mambo ya Ulaya! Alipiga sufuria teke, ikaenda mpaka uani. Yassin alisimama palepale, anatetemeka, anasubiri kufukuzwa. Alikuwa amesharudisha mwiko mahali pake na kuufunika mchuzi vizuri, ili usiharibike baada yake. Na kile kitendo kidogo, kufunika mchuzi, kikamkata Kishiwa kauli.

"Na shamba lako?" aliuliza ghafla. Alizaliwa kwa wakulima, alijua masika ni nini.

"Magugu yameshameza mahindi, mama."

"Mwamvua anajua uko hapa?"

"Hajui. Anajua nilileta karatasi, ukakubali. Ametoka hospitali, yuko Ulaya na mtoto kwa bibi, anadhani nimepata kibarua mbali. Angejua, angekuja na nyuzi tumboni."

Kishiwa akatafuta ile ndoo, akaketi. Alishangaa kwa mara ya pili, na mshangao huu haukuwa na kelele. Ule wa kwanza ulikuwa wa kuona kitu kikubwa kwa mbali, kama mtu anavyoona milima ya Udzungwa ukungu ukifunguka. Huu ulikuwa mbele yake, una buti za shambani, una malaria. Mtu alikuwa ameacha mahindi yake yafe, akaacha hata jina lake, akasimama kwenye mstari wa mwenzake asije akakuta mtu mwingine ameinama pale. Kishiwa alikumbuka mkonge. Alikumbuka alivyogeuka akarudi, miguu bado haina nguvu, hakuna aliyemwita. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Jackline," alisema baadaye, "hebu nisomee hiyo karatasi."

Jackline akaifungua kwa uangalifu. Mwandiko wa daktari ulimsumbua, lakini yaliyopigwa chapa yalisomeka. "Inaandikwa kwa mwajiri, shangazi. Mwajiri anaombwa ampumzishe mgonjwa."

"Mwajiri ndiye nani?"

Jackline akamtazama kama vile ameulizwa jua liko wapi. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine? Karatasi ni yako."

Neno hilo Kishiwa alilisikia mara nyingi kwa Filipo, na kila mara alimwona mtu wa milango ya vioo. Yeye alikuwa mama tu, wa jikoni, wa mchuzi. Kumbe yule mtu mkubwa wa Kilosa, aliyekaa kwenye kiti akifikiria nani atamshikia mgonjwa kazi, hakuwapo. Siku zote hizo waliyekuwa wanamtafuta ni yeye, na karatasi ilikuja mpaka mlangoni kwake ikaishia kifuani kwa mtu mwenye homa. Na mshahara alioutuma bila kusita, akidhani nchi ndiyo inayobeba, alikuwa ameubeba peke yake. Wala hoteli haikufungwa. Alitazama mikono yake kama vile si yake.

Akainuka. Akamwita bodaboda, akamfunika Yassin kwa kitenge chake mwenyewe, akamwambia dereva ampeleke zahanati kwanza, kisha Ulaya, na amwendeshe taratibu kwenye makorongo. Jackline akanyoosha mkono kuchukua aproni iliyoning'inia msumarini.

"Acha," Kishiwa alisema. "Hiyo ina mwenyewe. Wewe kaa na wateja mbele. Nitakulipa, usininunie."

Akaivaa yeye. Haikumtosha, kamba zilifungika kwa shida nyuma.

Siku ya pili yake, wakati madereva wamejaa na ugali unafuka mvuke, mlango wa jikoni ukafunguliwa polepole. Alikuwa Mwamvua. Amekonda, amejifunga khanga mbili tumboni, mkono mmoja umeshikilia ukuta. Mumewe alikuwa amerudi na homa, akaweweseka na kusema yote, naye akapanda basi la kwanza.

"Shikamoo mama," alisema, pumzi zinamwishia. "Nimekuja. Naweza, mama. Nitafanya nimekaa. Nafasi usimpe mtu."

Kishiwa hakugeuka. Alikuwa anasonga, jasho linamchuruzika, madonge yanaonekana waziwazi kwenye sufuria.

"Marahaba," alijibu. "Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi. Mwamvua."

"Kama unamtafuta mama Kishiwa, hayupo, katoka. Mimi ni Idi." Akasonga kwa nguvu zaidi. "Karatasi yako imenifikia. Rudi ukalale, mwanangu, mtu wako yupo kazini."

Mwamvua akaiona ile ndoo iliyopinduliwa, akaketi juu yake taratibu, na mbele kule utingo wa Filipo akasikika anauliza kama ugali wa leo nao umetoka Ulaya.